Mkaguzi Apige Hodi kwa Daktari, na kwa Serikali Vilevile

Wanamageuzi waliokuwako kabla ya kufutwa kwa kifungu cha 2A mnamo Desemba 1991 hawajasahau jinsi neno “leseni” lilivyotisha. Mkutano wa hadhara haukufanyika bila leseni ya mkuu wa wilaya. Mwenye duka aliyesikika akiusema utawala vibaya angeweza kutembelewa na bwana afya kesho yake asubuhi, na duka likafungwa kwa sababu ya utando wa buibui. Gazeti la Beyond, lililotolewa na Baraza la Kitaifa la Makanisa, lilipigwa marufuku mwaka 1988 baada ya kuuanika uovu wa kura ya mlolongo. Mtu aliyelelewa katika hali hiyo akisikia kwamba serikali inakuja kukagua zahanati ya daktari wa mtaani kwake, jambo la kwanza analojiuliza ni kosa gani la kisiasa daktari huyo amelitenda.

Hofu hiyo ninaielewa na siidharau. Hata hivyo, imewaponza watu wetu wa Meru na Embu kwa muda mrefu, kwa kuwa penye hofu ya mkaguzi, mgonjwa ndiye hubaki bila mtetezi. Mama mwenye mtoto anayewaka homa huko Mikinduri au Siakago hana njia ya kujua kama yule aliyevaa koti jeupe ana cheti, kama leseni iliyo ukutani imekwisha muda, wala kama kisu kilichotumiwa kupasua jipu kilichemshwa. Akinunua maharagwe sokoni huyachambua kwa mikono yake mwenyewe. Tiba haichambuliki namna hiyo. Ndiyo maana sheria ya madaktari, Sura ya 253, imekuwako tangu miaka ya 1970, ikiweka chombo cha kuwasajili na kuwachunguza, ambacho tangu mwaka 2019 kinaitwa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno.

Sheria hiyo ilikaa vitabuni. Kwa miaka mingi ukaguzi wenyewe ulikuwa haba, na kila bodi ilikwenda kivyake: ya madaktari leo, ya wafamasia mwezi ujao, ya maabara labda mwaka ujao, kila moja na fomu yake, na mara nyingine na mkono wake ulionyoshwa. Katika kazi ya uwakili nimemsikiliza mwenye zahanati aliyefungiwa mlango bila hata karatasi ya kueleza kosa lake. Nimemsikiliza pia mgonjwa aliyeharibiwa mkono kwa sindano chafu mahali ambapo hapakuwa pamefungwa kamwe. Wote wawili walidhulumiwa na kasoro ile ile: kukosekana kwa kanuni iliyoandikwa, inayojulikana mapema, na inayomhusu kila mtu.

Wengi hawajui kwamba dawa ya kasoro hiyo ilijaribiwa hapa hapa Meru. Wizara ya Afya na Benki ya Dunia ziliteua kaunti 3, yaani Kakamega, Kilifi na Meru, na kwanza wakatumwa watu kutazama jinsi wagonjwa wa nje wanavyohudumiwa. Katika vituo 935 walivyovitembelea mwaka 2015 waliona mambo ya kusikitisha. Kila palipostahili mhudumu kunawa mikono mara 100, alinawa kama mara 2. Nasema mara mbili! Lakini kwa upande wa usalama wa sindano na utoaji wa damu, kanuni ilifuatwa takriban mara 87 katika 100. Wahudumu ni wale wale, na vyumba ni vile vile. Naona sababu iko wazi: kuhusu sindano watu walifundishwa na kuhimizwa kwa miaka mingi kwa ajili ya Ukimwi, na vifaa vikaletwa, kuhusu sabuni na maji yanayotiririka hakuna aliyeuliza. Kinachoulizwa ndicho kinachotendwa.

Kisha mwaka 2016 ikachapishwa katika gazeti rasmi la serikali orodha moja ya ukaguzi ya bodi na mabaraza yote kwa pamoja. Wakaguzi waliofunzwa, ambao kazi yao ilikuwa hiyo tu, waliingia vituoni na orodha hiyo, wakatoa alama. Alama ndizo zilizoamua kituo kitarudiwa lini na kipewe muda gani wa kujirekebisha. Idara isiyo na leseni ilifungwa. Jaribio lilihusu vituo 1,348 katika masoko 273 ya huduma za afya, vya serikali na vya watu binafsi bila ubaguzi, na masoko yaliyokaguliwa yaliteuliwa kwa kura ili pasiwe na hila. Kwa wale waliozoea kuona wakaguzi wakitumwa kwa wapinzani peke yao, jambo hilo la kura si dogo.

Matokeo ni haya. Alama za usalama wa wagonjwa zilipanda kwa asilimia 15 katika vituo vilivyokaguliwa, na walionufaika zaidi ni waliokuwa nyuma kabisa. Baadhi ya wagonjwa walihama kutoka vituo vya watu binafsi wakaenda vya serikali. Waliokuwa wakionya kwamba ukaguzi utapandisha bei na kuwafukuza maskini katika matibabu walijibiwa: gharama iliyotoka mfukoni mwa mgonjwa haikuongezeka, wala idadi ya waliotafuta tiba haikupungua. Katika baadhi ya masoko alama zilibandikwa pia mlangoni, wananchi wazione, na hilo halikuongeza tofauti juu ya ile iliyoletwa na ukaguzi wenyewe. Hapo nakiri nilitarajia vingine, maana sisi wanamageuzi hupenda kuamini kwamba ukweli ukibandikwa ukutani kazi imekwisha.

Sasa nije kwa makanisa, na ninasema haya nikiwa mmoja wa waumini. Hospitali ya Chogoria iliwatibu babu zetu tangu 1922. Nkubu na Maua ni majina yanayoheshimiwa hadi nje ya milima yetu. Heshima hiyo isigeuzwe pazia. Nimewasikia wazee wa kanisa wakisema kwamba zahanati ya parokia haihitaji mkaguzi kwa sababu inaendeshwa kwa upendo. Upendo hauchemshi vyombo. Askofu David Gitari, ambaye dayosisi yake ilienea kutoka Embu hadi Meru na mbali zaidi, alihubiri kwamba watawala wawajibike mbele ya Mungu na mbele ya watu. Sijui ni kwa hoja gani msimamizi wa zahanati ya kanisa atasamehewa wajibu huo huo.

Kisha serikali yenyewe. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mwananchi haki ya kupata huduma zenye ubora wa kuridhisha, na kinasema waziwazi kwamba haki hiyo inazihusu huduma za taasisi za umma sawasawa na za watu binafsi. Kwa hiyo zahanati ya kaunti isiyo na maji haina kinga. Mwaka 2025 ilitangazwa kwamba katika vituo 1,762 vilivyokaguliwa nchini, 728 vilifungwa na 301 vikashushwa daraja. Huenda kila kufuli lilistahili. Lakini kifungu cha 47 kinamtaka mwenye mamlaka atoe sababu kwa maandishi kwa yeyote ambaye haki yake imeathiriwa, na wagonjwa wa kituo kilichofungwa nao wana haki ya kuambiwa waende wapi usiku ule ule mama anaposhikwa na uchungu. Kufunga ni kazi ya siku moja. Kurudi baada ya miezi mitatu kuona kama sabuni imewekwa ndiyo kazi ngumu, na ndiyo iliyoleta mabadiliko Meru.

Embu haikuwa miongoni mwa zile kaunti 3. Mwananchi wa Runyenjes yuko mwendo mfupi tu wa gari kutoka Nkubu, na mwili wake hauna tofauti. Hatuna haja ya kungoja wafadhili warudi na jaribio jingine. Orodha ipo, imechapishwa. Kinachohitajika ni mishahara ya wakaguzi wachache, mafuta ya gari, na bunge la kaunti lenye ujasiri wa kuyaweka hayo katika bajeti pasipo mheshimiwa kupiga simu kuuliza kwa nini zahanati ya shemeji yake imeguswa.

Wakati huo ukingojewa, kila kamati ya haki na amani katika parokia na kila tawi letu liandike barua kwa idara ya afya ya kaunti na kwa Baraza la Madaktari, likitaja vituo vya eneo lake kimoja kimoja na kuuliza: kilikaguliwa mara ya mwisho lini, kilipata alama gani, kitarudiwa lini? Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inampa afisa siku 21 za kujibu, na saa 48 tu ikiwa habari yenyewe inahusu uhai wa mtu. Barua hiyo haihitaji wakili. Iandikwe kwa Kiswahili, itiwe sahihi na watu watatu, na nakala ihifadhiwe.