Bunduki ya upepo na mama asiyelala



Asubuhi moja yaya yangu alifika kwangu na uso wa mtu asiyelala, hata chai hakutaka. Mtoto wake anaishi Birmingham, kule Uingereza. Usiku alikuwa amemwambia kwa simu: «Mama, nimeuza bunduki yangu, nimenunua ingine.» Kwetu hapa Bukavu neno hilo si la mchezo. Tumekimbia na watoto mgongoni juu ya bunduki. Yaya alisikia mambo mawili tu: mtoto ana silaha, tena anafanya biashara ya silaha.

Tukampigia simu kijana. Kumbe ni bunduki ya upepo. Haina baruti, hewa ndiyo inayosukuma kirisasi cha milimita 4.5 au 5.5. Siku ya mapumziko anakutana na wenzake kwenye klabu, wanapiga karatasi na vibao vya chuma. Lakini si kitu cha watoto, maana inatoboa jicho. Kule mwenye umri chini ya miaka 18 hauziwi, na ikiwa na nguvu zaidi ya juli 16 hivi, lazima kibali cha polisi. Scotland, tangu mwisho wa 2016, hata zile zenye nguvu ndogo zinahitaji kibali.

Yaya akapumua kidogo. Kisha akauliza: «Kama ya kwanza ilikuwa nzuri, uliiuza juu ya nini?»

Ya kwanza ilikuwa ya resori. Unakunja mtutu, resori inakazwa; ukifyatua, bunduki nzima inatikisika kabla kirisasi hakijatoka. Ukiibana kwa nguvu, unakosa. Inataka ishikwe kwa ulegevu, kila mara namna ileile. Kijana alikosa miezi mingi, akailaumu bunduki. Tena yeye ni mtu wa mkono wa kushoto, na pale pa kuegemeza shavu palichongwa kwa mtu wa kulia. Akaiuza, akanunua ile inayojazwa hewa kabla: bari 200 hivi, wakati gurudumu la gari lina 2 na kitu. Hiyo haitikisiki. Virisasi vikaanza kupita karibu tundu moja. Lakini ikadai pompi yake, kisha mtungi wa hewa, kisha darubini ya bei kali. Halafu, sikieni, akachoka nayo! «Inapiga yenyewe, mama mdogo, mimi sina kazi.» Akaiuza, akamtafuta aliyenunua ile ya kwanza. Yule akakataa kuirudisha. Ikabidi anunue ingine ya resori, kwa bei ya juu.

Klabuni kila mtu ana sababu yake. Wazee wanauza kwa sababu ya bega: HW80 ya Wajerumani ina uzito wa kilo 4 hivi. Mwingine kodi ya nyumba imembana. Mwingine anapenda tu kushika kitu kipya. (Nisiwacheke, nina babula tatu nyuma ya nyumba, na ninapikia moja.)

Kijana akasema bunduki za majina mazuri hazipotezi bei sana, ni kama akiba. Mimi mwalimu nikamwambia achukue kalamu. Tuliandika alichonunulia, alichouzia, na ile pompi na mtungi. Kilichopotea katika kubadilisha mara mbili kilitosha pesa za shule za mdogo wake kwa mwaka mzima. Simu ikawa kimya.

Nilingoja yaya apige kelele. Hakupiga. Akaanza kusimulia kitenge chake alichouza ili anunue cha rangi ingine, kisha akakiona kanisani kwa jirani, na misa yote hakusikia neno.

«Na hii ya sasa, utaishika?»

«Nadhani ndiyo, mama.»

«Basi za mdogo wako utatuma mwezi huu.»

Alizituma, pamoja na picha yake ameshika bunduki, anacheka. Yaya aliiangalia muda mrefu, kisha akaniomba niifute kwenye simu yake kabla majirani hawajaiona.