Dawa Juu ya Dawa: Rai Kuhusu Lugha ya Maelekezo ya Nyumbani

1.0 Utangulizi

Maelekezo mafupi ya kazi za nyumbani na ya matumizi ya vyombo vya kisasa, yapitishwayo kutoka simu hadi simu, ni miongoni mwa matini za Kiswahili zinazosomwa na watu wa kila tabaka. Humo mtu hufunzwa namna ya kuondoa doa la wino shatini, kuzibua sinki, au kuiokoa simu iliyotumbukia majini. Ni nadra matini hizi kujadiliwa na wanaisimu, pengine kwa kudhaniwa kuwa ni mambo ya jikoni tu. Makala haya yanadai kwamba sehemu ya hatari iliyomo katika maelekezo hayo hutokana na lugha yenyewe, wala si ujinga wa msomaji.

2.0 Neno "dawa"

Neno "dawa" liliingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, likiwa na maana ya kitu cha kutibia. Maana hiyo imepanuka mno: ipo dawa ya meno, ya viatu, ya mbu, ya panya na ya choo. Katika upanuzi huo, kilichobakia ni dhana ya kitu kiondoacho udhia. Kilichopotea ni habari ya kile kilichomo chupani. Msemaji aaminiye kwamba dawa huondoa uchafu hahitaji kulaumiwa akihitimisha kwamba dawa mbili zitauondoa upesi zaidi. Hivyo akiambiwa achukue jiki, atie dawa ya choo, aache kidogo kisha asugue, haoni kosa lolote.

Kemia husema vingine. Jiki, neno lililotokana na jina la bidhaa na sasa ni nomino ya kawaida kwa wasemaji wengi, ni maji yenye haipokloraiti ya sodiamu. Dawa nyingi za choo zina tindikali. Kadhalika siki na ndimu. Jiki ikichanganywa na tindikali hutoa gesi ya klorini, ile ile iliyotumiwa kama silaha huko Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915. Katika choo kidogo kisicho na dirisha, gesi hiyo huwasha macho, hubana kifua, na yaweza kuua. Hakuna chochote katika majina hayo mawili kimwonyacho mtumiaji.

3.0 Agizo lisilo na sababu

Kasoro ya pili ni ya kisarufi. Maelekezo haya hujengwa kwa mfululizo wa vitenzi vya kuamuru: chukua, tia, koroga, acha. Vishazi vya sababu, pamoja na vile vya masharti vyenye -ki- na -sipo-, huachwa kwa ajili ya ufupi. Vipimo navyo huwa "kidogo" na "kiasi". Mama alipomfunza mwanawe jikoni, maneno "kiasi hiki" yalifuatana na kiganja, na mtoto akaona. Katika maandishi kiganja hakipo.

Umuhimu wa sababu hudhihirika kwa kulinganisha mifano miwili. Ushauri wa kupaka povu la sabuni kwenye maungio ya mtungi wa gesi huweza kutolewa pamoja na sababu yake: gesi ikivuja, povu hufura. Ushauri wa kuifukia simu iliyolowa ndani ya mchele, kwa upande mwingine, ulienea kama amri tupu. Mwaka 2024 maelekezo ya kampuni ya Apple yaliyowakataza wenye iPhone kufanya hivyo yalitangazwa sana, kwa kuwa chembechembe za mchele zaweza kuidhuru simu. Aliyepewa sababu ana cha kupimia. Aliyepewa amri ana cha kutii tu.

4.0 Hitimisho

Yumkini itasemwa kwamba hayo ni ya wanakemia, au kwamba istilahi za kitaalamu zitalitatua tatizo. Hoja hizo hazitoshi. Istilahi ambayo mwenye nyumba haijui haimlindi, ilhali neno "tindikali" limo katika Kiswahili tayari. Yafaa Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, lishirikiane na wanakemia kupendekeza maneno ya vibandiko yatajayo kilichomo, kwa mfano: "Dawa ya choo yenye tindikali. Usichanganye na jiki, kwa kuwa hutoa gesi yenye sumu." Aidha, walimu wa utungaji wawazoeze wanafunzi kuandika maelekezo ambamo kila katazo lina sababu na kila kipimo ni kijiko, kikombe au lita. Lugha inayojivunia kufundishia sayansi haina budi kwanza kumwezesha mtu kusafisha choo chake na kutoka humo salama.