Baiskeli ya Springi Mbili si ya Nyumba Nzima

Katika ukurasa huu tumekwisha kuzungumza juu ya jiko la mkaa, cherehani na pasi, vyombo ambavyo kila mtu wa nyumba aweza kuvitumia bila ya kuuliza ni cha nani. Leo nataka tuzungumze juu ya chombo kisichokuwa cha namna hiyo, ingawa kwa sura kinafanana sana na ndugu yake ambaye sote tunamfahamu. Nacho ni baiskeli ya milimani yenye springi mbele na nyuma. Siku hizi huonekana mara kwa mara katika mafungu ya baiskeli za mitumba, na huvuta macho ya vijana kuliko baiskeli nyingine zote zilizo karibu nayo.

Mimi nilinunua moja miaka miwili iliyopita. Naishi Morogoro, chini ya Uluguru, na njia za mitaa yetu ya juu ni mawe na makorongo. Kijana wangu wa pili alikuwa amepata kibarua cha ujenzi, nami nikaona kwamba baiskeli hii itamfaa. Lakini kwa kuwa ndiyo iliyokuwa baiskeli pekee ya nyumba, nilitoa amri kama baba wa nyumba: asubuhi kijana aende nayo kazini, jioni mimi niende nayo sokoni, na Jumamosi ipakiwe debe la mahindi hadi mashineni. Nikamwambia fundi aifunge keria nyuma. Mimi nina kilo 92, kijana ana kilo 58. Tofauti hiyo sikuifikiria hata siku moja.

Baada ya miezi kadhaa kijana akaniambia, "Baba, mnyororo unaruka nikipanda mlima." Nikamjibu kwamba ampelekee fundi aukaze. Fundi, ambaye simtaji kwa kuwa aliyemtuma ni mimi, akafanya kama afanyavyo kwa baiskeli zote: akatoa pingili nne za mnyororo na kuufunga tena. Baiskeli ikiwa imesimama uani, mnyororo ulipendeza kwa kunyooka.

Siku ya tatu kijana aliteremka katika korongo, akabadili gia na kuweka ile nyepesi kabisa ili apande ng'ambo ya pili. Alipofika chini, gurudumu la nyuma liligonga jiwe na springi ikazama hadi mwisho. Mnyororo haukuwa tena na urefu wa kuifuata. Uliivuta ile mashine ndogo ya kubadilisha gia inayoning'inia nyuma, ikang'oka, ikaingia katika spoki, na gurudumu likakaza papo hapo. Kijana alivunjika mtulinga. Wiki sita alifungwa mkono shingoni, na kwa kuwa kibarua hulipwa kwa siku, alipopona nafasi yake ilikuwa imekwisha kushikwa na mtu mwingine.

Ndiyo sababu naandika leo.

Yafaa kwanza ieleweke chombo hiki kilitoka wapi. Katika miaka ya 1970, vijana wa wilaya ya Marin huko Kalifornia, Marekani, walizoea kupandisha baiskeli kuukuu, nzito, za matairi manene, juu ya vilima na kushuka nazo kwa kasi. Mwaka 1976 walianza kushindana katika mteremko mmoja walioupa jina la Repack. Maana yake ni kupaki upya, yaani kutia grisi upya. Kwa sababu breki zao, zilizokuwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, zilipata moto hata grisi ikaungua, na kila baada ya kushuka iliwapasa wafungue na kutia nyingine. Kwa hiyo tangu kuzaliwa kwake baiskeli hii imekuwa mtoto wa kutunzwa. Kampuni ya RockShox ya kutengeneza uma wenye springi ilianzishwa mwaka 1989, na baada ya hapo springi ya nyuma nayo ikaenea. Mwaka 1996, huko Atlanta, mashindano ya baiskeli za milimani yakaingia katika Michezo ya Olimpiki. Waliobuni chombo hiki walimfikiria mtu mmoja anayeshuka mlima bila mzigo. Debe la mahindi halikuwamo katika hesabu yao.

Sasa tuurudie ule mnyororo. Katika baiskeli ya kawaida, umbali kutoka kitovu cha pedeli hadi kitovu cha gurudumu la nyuma haubadiliki. Katika baiskeli ya springi ya nyuma, gurudumu hilo limefungwa katika mkono wenye viungo, na kwa nyingi kati ya baiskeli hizi, mkono unapopanda umbali ule huongezeka. Mnyororo unaotosha baiskeli ikiwa imesimama huweza kupungua pale springi inapozama. Anayetaka kupima urefu hana budi kutoa upepo wote katika shokapu ya nyuma, au kuiondoa springi kama ni ya chuma, kisha kuikandamiza baiskeli hadi mwisho. Hapo ndipo auzungushe mnyororo katika sproketi kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma, apate urefu unaofika, na kuuongezea pingili mbili.

Tena, mnyororo unaoruka hauponywi kwa kukatwa. Ule mkono mdogo wenye springi unaoning'inia nyuma ndio kazi yake kuukaza. Mnyororo huruka kwa sababu umekwisha: tundu zake zimelika na kila pingili imerefuka kidogo, hata haikai tena vizuri katika meno. Chukua rula ya inchi. Ukiweka sifuri katikati ya pini moja, katika mnyororo mpya alama ya inchi 12 itaangukia katikati ya pini nyingine barabara. Pini hiyo ikiwa imepita alama kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, nunua mnyororo mpya. Ikiwa imepita kwa sehemu ya nane, na sproketi nazo huenda zimekwisha kuharibika. Laiti ningalikuwa na rula mkononi siku ile, gharama yote ingalikuwa mnyororo mmoja.

Jambo la pili ni uzito. Naita springi hata ile shokapu isiyo na springi ya chuma ndani yake, kwa kuwa upepo ulioshindiliwa hufanya kazi ile ile. Mtu akikaa juu ya baiskeli, shokapu yapasa kuzama kidogo hata kabla ya kuanza safari, ili gurudumu liweze kushuka katika shimo na kupanda juu ya jiwe. Tuuite mzamo. Kwa nyuma, mzamo unaofaa ni baina ya asilimia 25 na 30 ya mwendo wote wa shokapu. Kwa mbele, asilimia 15 hadi 20 yatosha kwa wengi. Shokapu nyingi zina kipete cha mpira juu ya ule mhimili unaong'aa; kama hakipo, funga uzi. Vaa nguo zako za kazi na mfuko wako mgongoni, egemea ukuta, kaa bila ya kurukaruka, sukuma kipete hadi kwenye mdomo wa shokapu, kisha teremka polepole na upime kimesogea kiasi gani. Ikiwa mwendo wote ni milimita 50, basi kipete kisogee milimita 12 hadi 15. Kikisogea 25, ongeza upepo. Kikisogea 5, punguza.

Kwa kuongeza upepo, pampu ya kawaida ya baiskeli haifai, na mashine ya kujazia matairi ya magari haifai zaidi. Tairi la baiskeli hii huridhika na ratili 30 hivi kwa kila inchi ya mraba, lakini shokapu ya nyuma huweza kudai 150 au hata 200, katika chumba kidogo kuliko kikombe cha kahawa. Kuna pampu yake maalumu, ndogo, yenye geji inayofika 300. Atakayeinunua asishtuke: kila mara anapoifunga, upepo kidogo huingia katika mpira wa pampu na geji huonyesha pungufu ya ulichoweka jana. Wengi hudhani shokapu inavuja, kumbe ni kipimo chenyewe kimekula. Na kamwe mtu asiifungue shokapu yenye upepo ndani yake ili kutazama iliyomo. Hiyo ni bunduki iliyojazwa.

Kama shokapu ni ya springi ya chuma, kuna pete ya kukazia inayozungushwa kwa mkono. Mzunguko mmoja au miwili yatosha. Ikihitaji zaidi ya hapo, springi hiyo ni laini kwa uzito wako na yapasa kubadilishwa.

Turudi kwetu nyumbani. Kwa kuwa sikuwa na pampu hiyo, shokapu yetu haikuguswa tangu siku ya kununuliwa. Nilipoipanda mimi ilizama hadi mwisho kwa kila jiwe. Na kijana naye, pamoja na wepesi wake, alikuwa akianza safari springi ikiwa imekwisha nusu. Hata kama ningaliijaza kwa ajili yangu, kwake yeye ingalikuwa ngumu kama gogo. Ndipo nilipofahamu kwamba baiskeli hii haiazimwi kama jembe.

Kuna pia kifundo kidogo, mara nyingi chekundu, chenye picha ya kobe upande mmoja na sungura upande wa pili. Hicho hakihusu ugumu wa springi bali mwendo wake wa kurudi. Upande wa sungura springi hufyatuka upesi na huweza kumrusha mtu. Upande wa kobe hurudi polepole mno, na mawe yakifuatana huzama na kubaki chini. Teremka juu ya ukingo wa barabara ukiwa umekaa: baiskeli ipande mara moja, itulie. Ikidunda mara ya pili na ya tatu, sogeza kuelekea kobe. Mtoto mwenye utukutu ataona raha kukichezea kifundo hicho, basi weka alama ya rangi ya kucha pale ulipopaacha.

Juu ya usafi nitasema machache, lakini yana uzito. Sisi tumezoea mafuta ya taa kwa mnyororo na oili chakavu ya gari kwa kila kinachokwaruza. Mnyororo waweza kuoshwa kwa mafuta ya taa ukiwa umevuliwa kando, ukakaushwa na kutiwa oili safi kidogo. Lakini mafuta hayo yakifika katika diski ya breki, breki hazitashika, na pedi zilizonywa oili ni za kutupwa. Yakifika katika raba za shokapu huzidhuru. Mihimili inayong'aa hupanguswa kwa kitambaa safi kila baada ya safari, basi. Wala usiipeleke kwa vijana wa kuosha magari, kwa maana ule mpira wa maji ya nguvu huyasukuma maji mpaka ndani ya gololi. Ndoo na sabuni vyatosha.

Watengenezaji wengi hutaka oili na raba za uma na shokapu zitazamwe kila baada ya saa 50 za safari. Mwenye kutumia saa moja kwa siku, siku sita kwa wiki, hufikisha saa hizo katika muda wa miezi miwili. Ni kazi ya mara kwa mara, nayo ina gharama. Hilo lihesabiwe kabla ya kununua.

Kabla ya kununua, inua kiti kwa mkono mmoja taratibu huku vidole vya mkono mwingine vikigusa viungo vya nyuma. Ukisikia mchezo, yaani kitu kinagonga kabla ya gurudumu kunyanyuka, basi gololi au bolti zimekwisha. Shika breki ya mbele na uitikise baiskeli mbele na nyuma, usikie uma kama umelegea. Tazama penye maungio ya kuchomelewa, hasa rangi iliyopasuka kama unywele. Mwisho, zima pupa yako na ujiulize njia yako ikoje. Anayekwenda kiwandani kwa lami tambarare atabeba chuma cha bure, na kila akisukuma pedeli sehemu ya nguvu zake itapotea katika kuitikisa springi. Huyo anafaa baiskeli ya kawaida.

Keria nimeing'oa, maana ilikuwa imeanza kula rangi ya ule mkono wa nyuma. Nyumba imepata baiskeli nyingine, ya chuma, isiyo na springi yoyote ila ile ya kiti, nayo hubeba debe bila ya manung'uniko. Ile ya springi mbili ni ya kijana peke yake. Amepata kazi kwa mwashi mwingine, na Jumapili asubuhi humwona mama yake amesimama mlangoni akimtazama anavyopima kipete chake. Mama hasemi neno, lakini haondoki mpaka kijana amemaliza kukagua bolti zote.

Jumapili ijayo, tukijaliwa, tutazungumza juu ya taa ya baiskeli na wale wanaorudi kutoka zamu ya usiku.