K ya Nne

Sisi tunaotoa ilani hii ni walimu wa vitengo vya elimu maalumu, walimu wa madarasa ya kawaida, wazazi, mafundi, na vijana ambao shuleni waliitwa wazito. Tumekusudia jambo moja: kila mtoto mwenye ugumu wa kujifunza afundishwe kupima, aanze mapema, na asisubirishwe mpaka ajue kuhesabu.

Hapo kwenye kusubirishwa ndipo tunapoachana na mazoea. Tangu 2015 darasa la kwanza na la pili Tanzania Bara yamejengwa juu ya KKK: Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Kupima kumewekwa ndani ya Kuhesabu, na katika madarasa tunayoyajua kunafikiwa muhula ukiwa unayoyoma, kwa chaki na picha ya rula ubaoni. Mtoto aliyekwama kwenye 10 hafiki huko. Anarudishwa kuhesabu vijiti mwaka huu, na mwakani, na mwaka wa tatu, anamaliza shule hajawahi kushika mizani. Tunasema kupima ni K ya nne. Ina mlango wake, na mlango huo haufunguliwi kwa namba.

Tazameni kazi yenyewe. Ukitaka kujua kamba ipi ndefu kati ya mbili, unazilaza pamoja, ncha za upande mmoja zikiwa sawa. Ukitaka kujua kama kabati litapita mlangoni, unapima upana wake kwa kamba, unafunga fundo, unaipeleka kamba mlangoni. Ukitaka kujua mfuko upi mzito, unainyanyua yote miwili. Hakuna namba hata moja hapo, na huko ni kupima kamili. Maria Montessori, kabla ya kufungua nyumba yake ya watoto huko Roma mwaka 1907, alifanya kazi na watoto waliohesabiwa kuwa hawafundishiki. Miongoni mwa zana alizotuachia ni vifimbo 10 vyekundu vya unene mmoja, kifupi kabisa sentimita 10, kirefu kabisa mita 1. Havina alama wala namba. Mtoto anavipanga kama ngazi, na akikosea ngazi inakatika mbele ya macho yake, anajisahihisha bila kukaripiwa. Seremala wa mtaani anaweza kuvikata kutoka kwenye mabaki ya mbao.

Penye ugumu mkubwa zaidi ni katika usemi wetu darasani, na jambo hili halizungumzwi vya kutosha. Mtoto husema "kubwa" kwa kila kitu: mti mrefu ni mkubwa, jiwe zito ni kubwa, mkeka mpana ni mkubwa. Nasi tunamjibu kwa mti mrefu, kamba ndefu, kijiti kirefu, vijiti virefu. Kwa sikio linalochelewa kuchambua sauti, hayo ni maneno manne yasiyo na undugu. Kwa hiyo wiki za mwanzo tutatumia kitu cha aina moja tu. Kamba. Kamba ndefu, kamba fupi, mpaka mtoto aseme mwenyewe bila kuvutwa. Ndipo tuhamie kwenye vijiti, na tumwonyeshe kwa makusudi kwamba kilichokuwa "ndefu" sasa ni "kirefu". Na sifa iwe moja kwa wakati mmoja: kamba ziwe za rangi moja na unene mmoja, zitofautiane kwa urefu peke yake. Kwa uzito, chukua makopo mawili yanayofanana, moja lenye mchanga na jingine lenye sufi, ili macho yasimpotoshe na mkono ubaki kuwa mwalimu.

Jean Piaget alionyesha kwamba mtoto mdogo akiona maji yakimiminwa kutoka bilauri pana kwenda bilauri nyembamba, huamini yameongezeka, na kwamba wengi hulivuka hilo wakiwa na miaka kama 7 au zaidi kidogo. Wanafunzi wetu wengine wanakuwa bado hapo wakiwa na miaka 12 au 14. Kumwambia "ni yale yale" hakumsaidii. Amimine, arudishe, amimine tena. Chupa mbili za nusu lita zijaze chupa ya lita moja leo, kesho na wiki ijayo, kwa maji, kwa mchanga, kwa mchele. Mzazi anayepika ana nafasi kubwa zaidi ya kufanya hivi kila jioni kuliko mwalimu yeyote.

Rula tunaiweka baadaye. Rula nyingi za plastiki zina sifuri iliyoingia ndani kidogo ya ukingo, na mtoto huanzia ukingoni, au kwenye 1 kwa sababu kuhesabu huanzia 1. Kisha anahesabu mistari, ilhali kinachopimwa ni nafasi kati ya mistari. Tuanze na utepe wa karatasi wenye visanduku vya rangi mbili zinazopishana, namba ikiandikwa katikati ya kisanduku, pale urefu ulipo. Baada ya hapo ifuate tepu ya fundi cherehani, ambayo sifuri yake ni ncha yenyewe. Shubiri na dhiraa zina nafasi yake pia: mtoto anapoona shubiri yake na ya mwalimu zinatoa majibu tofauti kwenye meza ile ile, anaelewa kwa nini watu walihitaji mita.

Saa nayo inatudai uangalifu wa kwetu. Mtoto anaambiwa ni saa moja asubuhi na mshale mfupi umeelekea 7. Kwa mwanafunzi anayeshika maana kwa shida, huo ni uongo wa watu wazima. Bandika duara la pili ndani ya uso wa saa, namba za saa zetu zikiwa mahali pake, ondoa mshale mrefu kwa muda, na uunganishe mshale na mambo yanayotokea: kengele ya shule, uji, kurudi nyumbani.

Tunakataa pia kumpa kijana wa miaka 15 vifaa vya chekechea. Apewe kazi ya umri wake. Fundi ujenzi hupima mchanga na saruji kwa ndoo, ndoo moja ya hiki kwa ndoo kadhaa za kile, na kijana anayehesabu mpaka nne tu anaweza kusimamia uwiano huo akawa mtu wa kutegemewa. Binti anayejua kufikisha dawa ya maji kwenye mstari wa mililita 5 wa sirinji anaweza kumnywesha mdogo wake.

Watafiti wengi hukadiria kwamba katika kila watoto 100, 3 hadi 7 wana ugumu mahususi wa hesabu. Katika darasa la watoto 60 ni wawili hadi wanne, wamekaa humo humo kwenye darasa la kawaida, na mwalimu hana cha kuwapa. Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, ikatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu mwaka 2010. Haki ipo kwenye maandishi. Tunaidai ifike mezani.

Kwa wizara tunadai mtihani wa kupima ufanywe kwa kupima: mtoto apewe kopo na ndoo, aonyeshe. Vyuo vya ualimu vimpe kila mwalimu, hata asiye wa elimu maalumu, mazoezi ya kufundisha kipimo kimoja kwa mtoto halisi kabla ya kuhitimu. Kamba, chupa tupu na mchanga tutatafuta wenyewe. Lakini mizani ya kweli ni fedha, na hatutakubali kuambiwa ubunifu wa mwalimu unatosha. Kila halmashauri inunulie kila shule mizani ya sahani mbili, na Wakala wa Vipimo uihakiki kama unavyohakiki mizani ya sokoni.

Kila anayejiunga nasi anachukua mwanafunzi mmoja, kipimo kimoja na muhula mmoja. Muhula ukiisha hatuulizi alama za daftari. Tunakwenda naye dukani na chupa aliyoichora mstari mwenyewe, ananunua nusu lita ya mafuta ya kula, anasema kama yametosha. Akiweza, tunahamia kipimo kingine. Asipoweza, tunachukua muhula mwingine, na jambo la kwanza kuchunguzwa ni mpangilio wa masomo yetu.