Amibe haitoke ndani ya maharagwe

Kila mara mwanafunzi anaposhikwa na tumbo ndani ya interna, watu wanasema: "Ni maharagwe haikuiva." Wengine wanataja hata sumu. Sisi wa mwaka wa tano tunaona kwamba maharagwe inashitakiwa bure.

Amibe ni mdudu mdogo sana, haonekane kwa macho. Hatuletewe na mbuzi wala kuku: anatoka kwa mtu, anarudi kwa mtu. Anatoka pamoja na mavi, amejifunga ndani ya ganda, na ndani ya ganda ile anaweza kukaa majuma mazima katika mayi ao udongo wenye unyevu. Kisha anaingia kinywani kwa mikono, kwa mayi, kwa matunda na majani mabichi. Nzi naye anamuleta mpaka kwenye sahani. Klori kidogo ya mayi ya kunywa haimushindi sana. Mayi yakitokota vizuri, anakufa.

Lakini jambo la kushitusha ni hili: kati ya watu kumi wenye amibe, karibu tisa hawasikii ugonjwa wowote. Wanacheza mpira, wanapakua chakula. Yule anayehara damu tunamukimbia, kumbe amibe zake nyingi zinakufa upesi inje. Ni mwenye afya ndiye anayetoa maganda, siku kwa siku, bila kujua. Pengine ni sisi.

Sasa, choo chetu kiko karibu na shamba, na pipa la mayi liko jikoni. Nani atatembea mpaka kule usiku, mvua ikinyesha, kwa kunawa mikono tu? Tunaomba bidoni moja yenye robine na sabuni, pale mlangoni pa choo. Wanasema sabuni itaibiwa. Basi tuweke majivu, hakuna mwizi wa majivu.

Na wale wanaonunua vidonge vya metronidazole sokoni, wakimeza viwili na kuacha tumbo ikinyamaza, wajue: hata dawa ile ikimezwa yote, mara nyingi maganda yanabaki ndani ya matumbo, na muganga anatoa dawa ya pili. Amibe akiachwa, anaweza kufika mpaka kwenye ini.

Mwaka wa tano tuko tayari kujaza bidoni kila asubuhi. Tunangojea tu Bwana Prefe atuonyeshe mahali pa kupiga misumari.