Mchonga maandishi asisubiri mteja wa kombe moja

KATIKA mitaa ya Kariakoo jijini Dar es Salaam, na hata Moshi, Arusha na Mwanza, si vigumu kumpata kijana mwenye mashine ya kuchonga maandishi. Anatengeneza vibao vya majina ya wafanyakazi, anaandika kwenye vikombe na ngao za michezo, anachonga mihuri, na siku nyingine anaandika jina la bwana harusi kwenye saa ya zawadi. Kazi yake inapendeza. Tatizo ni kwamba nyingi ya kazi hizo huja mara moja tu, na mteja haonekani tena mpaka siku atakapomwoza mwanawe.

Mashine, kwa upande mwingine, mara nyingi imenunuliwa kwa mkopo, na marejesho hayajui kama mwezi huu kulikuwa na harusi au la. Chukua mfano wa kijana anayelipa marejesho ya Sh400,000 kwa mwezi, kodi ya chumba Sh150,000 na umeme Sh60,000. Hajala, lakini tayari anadaiwa Sh610,000. Kama kibao kimoja cha jina kinamwachia Sh2,500 baada ya kutoa gharama ya plastiki na pini, atahitaji kuuza vibao 244 kila mwezi ili tu asiingie kwenye hasara. Wapita njia hawawezi kumpa idadi hiyo.

Hili ni kosa lile lile la mkulima anayepanda ekari mbili za nyanya halafu ndipo anaanza kuuliza nani ananunua. Mafunzo mengi ya wajasiriamali wadogo hueleza namna ya kupata mtaji na kuendesha mashine, lakini swali la nani atanunua mwezi wa saba baada ya kufungua duka huachwa lijijibu lenyewe.

Mteja wa kudumu si lazima awe mkubwa. Ni yule ambaye vitu vyake huchakaa, hupotea, au watu wake hubadilika. Hoteli ya kitalii ya Arusha hupoteza vibao vya funguo kila msimu na huajiri wahudumu wapya. Hospitali binafsi huhitaji vibao vitatu vya wauguzi leo na viwili mwezi ujao. Fundi anayefunga umeme viwandani huhitaji vibao vya plastiki ya rangi mbili kwa kila swichi ya kila kabati analofunga, na akimaliza kiwanda kimoja anakwenda kingine. Huyu wa mwisho wachongaji wengi hawamfikirii kabisa, pengine kwa sababu kazi yake haina urembo.

Kwa wale walio karibu na kilimo, nafasi ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Gunia la kahawa inayosafirishwa nje hupigwa alama inayoonyesha nchi ilikotoka, msafirishaji na namba ya fungu lake. Mahali ambako alama hiyo hupigwa kwa mkono, hutumika bamba la herufi zilizotobolewa, ambalo huwekwa juu ya gunia na kupakwa wino. Bamba hilo huziba, hujikunja, na namba za fungu hubadilika. Mchongaji wa Moshi anaishi katika mji ambao kahawa hukobolewa na kunadiwa, lakini huenda hajawahi kufika kwa mtunza ghala hata mmoja kumuuliza mabamba yake anayapata wapi. Vivyo hivyo kwa ushirika wa maziwa wenye makopo yanayotakiwa kuwa na namba za wanachama, na wafugaji wa nyuki wanaotaka alama kwenye mizinga yao ili isiibwe.

Namna ya kuingia mlangoni nayo ina umuhimu wake. Anayeacha kadi mapokezi huambiwa, "Sawa kaka, tutakupigia," na simu hiyo hailii. Wa kuonana naye ni mtunza ghala, ofisa ununuzi au fundi mkuu, yaani mtu anayepata usumbufu kitu kinapokosekana. Aende na sampuli iliyokwishachongwa: kibao chenye jina la mtu huyo huyo, au namba ya mashine iliyoko kiwandani kwake. Kisha ampe bei isiyobadilika kwa mwaka mzima, hata kama agizo ni la vibao viwili, na ahadi ya kuvileta baada ya siku mbili. Michoro yote ihifadhiwe kwenye kompyuta, na nakala pembeni, ili agizo la pili lifanyike kwa simu tu. Mteja ambaye herufi zake, vipimo vyake na rangi zake ziko kwako hana sababu ya kwenda kuanza upya kwa mwingine kwa tofauti ya Sh300.

Kazi za msimu zisidharauliwe. Mei Mosi ina wafanyakazi bora, UMISSETA na UMITASHUMTA zina vikombe, Nane Nane ina washindi, na shule za sekondari zina mahafali. Lakini hizo zihesabiwe kama mavuno ya ziada, si chakula cha mwaka.

Serikali ni mteja wa namna yake. Tangu mwaka 2023 zabuni za umma hupitia mfumo wa NeST, na sheria inazitaka taasisi kutenga asilimia 30 ya ununuzi wao wa mwaka kwa makundi maalumu, wakiwamo vijana na wanawake. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, hivyo anayebisha hodi Agosti amekuta mipango imekwishapangwa. Akumbuke pia kwamba katika malipo ya bidhaa Serikali hukata kodi ya zuio ya asilimia 2, na iingizwe kwenye hesabu mapema. Na anayeagiza mhuri wa ofisi yoyote, adaiwe barua ya ofisi hiyo kabla mashine haijawashwa. Faida ya mhuri mmoja hailingani na kesi ya kughushi.

Jambo jingine ni mashine yenyewe. Leza ya kaboni dayoksaidi huchonga vizuri mbao, ngozi na plastiki ya akriliki, lakini haiachi alama kwenye chuma kitupu. Kwa chuma inatakiwa leza ya faiba. Mwenye ile ya kwanza akipata agizo la vibao vya chuma asikimbilie mkopo wa pili. Apeleke kazi kwa mwenzake mwenye mashine hiyo na kubaki na tofauti kidogo, mpaka agizo hilo litakaporudi mara tatu au nne.

Hatari kubwa kuliko kukosa wateja wa kudumu ni kuwa na mmoja tu. Mteja anayetoa zaidi ya nusu ya mapato ndiye anayepanga bei na siku ya kulipa. Ni vema kudai malipo ya awali yanayotosha kununulia malighafi, hata pale ambapo LPO imekwishatolewa, kwa sababu LPO hainunui plastiki dukani.

Hapa lawama haiwezi kubaki kwa mchongaji peke yake. Makampuni na taasisi zinazojivunia kuwasaidia wajasiriamali wadogo hukaa na ankara zao siku 60, hata 90, bila sababu yoyote zaidi ya mtia saini kuwa safarini. Kwa kampuni yenye magari kumi, Sh180,000 haionekani kwenye vitabu. Kwa mchongaji ni kodi ya chumba na nusu ya umeme wa mwezi. Ankara ndogo ziwekewe utaratibu wa kulipwa ndani ya siku 30, na mhasibu apewe mamlaka ya kuzimaliza bila kusubiri kikao.