Heroe wa Nakuru Wamekwenda Wapi?

Watu wa Kuresoi wateremkao Nakuru kuuza viazi hupenda kutazama upande wa ziwa. Waliouona zamani ukingo wake ukiwa mwekundu kwa heroe, yaani wale ndege ambao wengi huwaita flamingo, wamepita miaka mingi wakiona maji matupu; basi husema ya kwamba ndege wameuawa, au wamechukizwa na watalii. Sivyo.

Heroe mdogo hali samaki. Chakula chake ni mimea midogo mno iotayo katika maji ya magadi, nayo ndiyo impayo rangi. Maji yakizidi na ukali wake ukapungua, mimea hiyo huadimika, na ndege huruka usiku kwenda kutafuta ziwa jingine. Tangu miaka ya 2010 Ziwa Nakuru limepanuka, toka kadiri ya kilomita za mraba 40 hata kupita 60, likameza miti ya ukingoni. Heroe wengi walihamia Bogoria. Hurudi magadi yakikolea, wala hawana kalenda.

Kwa nini basi wataalamu huwaandika katika orodha ya ndege wanaokaribia hatari, hali wangali zaidi ya milioni moja? Sababu ni mahali pa kutagia. Karibu heroe wadogo wote wa Afrika Mashariki hutaga katika Ziwa Natron, Tanzania, yai moja tu, juu ya kichuguu cha matope kilichozungukwa na magadi. Leslie Brown, aliyekuwa bwana shamba katika Kenya, aliwaona huko kutoka katika eropleni mwaka 1954. Alipojaribu kuwafikia kwa miguu, magadi yalimchoma hata nusura afe. Mwaka 1962 Natron ilifurika, wakatagia Ziwa Magadi. Huko chumvi iliganda miguuni mwa makinda kama pingu, na watu wakaingia kuzivunja kwa nyundo, kinda mmoja mmoja. Maelfu waliokolewa.

Maji mengi ya Kuresoi hushuka magharibi, kwenda Ziwa Victoria. Lakini jirani zetu wa Mau Mashariki ndio wenye mito ya Njoro, Makalia na Nderit, iingiayo Nakuru. Sehemu kubwa ya msitu wao iliondolewa katika hifadhi mwaka 2001, ikawa mashamba. Mvua ikinyesha, mito hiyo hushuka na udongo, na ziwa lenyewe halina mto wa kuutoa.